Hodi ya Benki

Shilingi ilipoporomoka, benki za ng'ambo zilipokea akiba kwa sharti moja: sauti ya mwenye fedha ibaki kule, iwe ndiyo ufunguo. Mzee Shomvi aliridhia. Akiba ikasalimika, naye akabaki kuongea kwa mikono.

Jioni moja wakila, simu ya mkewe, Bi Mashavu, ilijifungua yenyewe.

"Hodi, mke wangu," ikasema sauti ya Shomvi. "Hodi hapo!"

Shomvi, tonge mkononi, alitikisa kichwa kwa nguvu. Lakini hodi haiachwi ikaning'inia. Bi Mashavu alishajibu kabla hajafikiri.

"Karibu!"

"Ahsante kwa ridhaa yako," ikasema sauti.

Akageuka kumwomba mumewe radhi. Midomo yake ilicheza tu, sauti haikutoka. Ndani ya simu alijisikia akicheka na Shomvi, kama zamani.