Mkufu wa Ola

Torleiv aliitema bia yake mwenyewe mlangoni, ikatoboa theluji tundu la manjano. Akapangusa ulimi kwa mkono wa sweta.

"Soksi," alisema. "Ganda la chungwa lililoozea ndani ya soksi. Gyda, nipe maji!"

Mkewe akampa. Jikoni walikaa majirani sita na vikombe vyao, maana hapo bondeni Voss bia ikishachachuka jirani hangoji kualikwa. Pua yake humleta. Hakuna aliyetema ila mwenye nyumba.

Miaka minane Torleiv alikuwa akipika bia ya kopo. Unamimina kutoka kopo shira ya kimea ya dukani, unaongeza maji na chachu ya pakiti, kazi imekwisha. Majirani wakamwita Kopo, hata mbele ya mkewe. Mwaka huu akanunua sufuria la chuma cha pua, refu hadi kiunoni, na kichujio chenye matundu madogo kama ya chekecheke la unga, na pampu, na kipimajoto. Akachemsha maji na matawi ya mreteni, mti wenye harufu kali, akaloweka kimea halisi cha shayiri, akasimama kutwa nzima akikoroga, haja ndogo ameibana, mpaka togwa ikatoka nyeusi, tamu, inanata vidoleni.

Ndipo akaushusha mkufu wa baba yake. Ulikuwa wa vipande vya mti vilivyoshikanishwa, wa kuhifadhia chachu kati ya upishi mmoja na mwingine, na chachu ya mwisho imeukaukia kama makamasi. Akauzamisha kwenye togwa ipate kuchachuka. Baba huyo, Ola, alisifiwa kwa bia bonde zima. Alifariki wakati Torleiv akiwa na miaka saba. Mama, mtu wa dini, akaupandisha mkufu darini, na pombe haikuingia tena nyumba ile. Torleiv hakuwahi kuonja bia ya baba yake. Alitaka kuionja, basi, na Shangazi Brita, dada yake Ola, aionje naye angali hai.

Na sasa soksi.

Sjur, jirani wa ng'ambo ya kijito, alilamba mdomo. "Mbona kama ya kwangu?"

Afadhali angempiga kofi. Bia ya Sjur! Harusini, matangani, tangu ujana wake Torleiv alikuwa akiimwaga kisirisiri nyuma ya ghala.

"Usinitukane nyumbani kwangu," alisema. "Babako alikuja hapa na kikombe mkononi, kumwomba baba yangu chachu. Mkaifanya inuke kama zizi. Leo umekuja kunitilia mkosi kwenye vyombo vyangu?"

"Mimi nimekuja na kikombe tu, Kopo, kama marehemu baba."

Jikoni wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. Torleiv alikumbatia pipa, akaliburuta hadi uani, akalipindua lote. Nguruwe wakaja mbio, wakanywa kwa kelele, povu puani.

"Mnaona?" alisema. "Chakula cha nani hicho?"

Akarudi ndani, akautumbukiza mkufu kwenye ile dawa kali ya kusafishia iliyokuja na vyombo. Ukatoa ukoko wa kijivu, unanuka maziwa yaliyoganda. Aliusugua kwa brashi kipande kwa kipande, mpaka mti ukawa mweupe kama mfupa, chachu yote imekufa.

Sasa hakuna aliyecheka. Sjur alivaa kofia yake. "Hilo hukupaswa kulifanya, Torleiv," alisema taratibu, akaenda zake. Wengine wakamfuata.

Shangazi Brita alifika baada ya chakula cha mchana, na mikongojo yake miwili, mashavu mekundu kwa baridi.

"Wamekunywa wakamaliza? Sikubakiziwa hata mimi, mzee wa watu?"

"Imeharibika, Shangazi. Nimemwaga."

"Kimebaki hiki," Gyda alisema, akakitoa dirishani kikombe ambacho mumewe alionja mara moja tu.

"Usinywe, utatapika!"

"Mwanangu, nimekula samaki wa kuvundika miaka themanini. Lete."

Alikunywa kidogo. Akasimamisha kikombe hewani, akafumba macho. Kisha akanywa taratibu, bila kupumzika, mpaka tone la mwisho, akapitisha kidole ndani ya kikombe na kukilamba. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

"Ola," alisema. "Ola mwenyewe, kama alivyokuwa akipika. Niongeze, mwanangu."

Torleiv alikichukua kikombe kile kitupu, akavaa buti zake, akashika njia ya kwa Sjur, kikombe mkononi, kuomba chachu.