Mafundi Wasiotazamana

Fundi Nday alitoka kwa kupitia dirishani.

Mlango ulikuwa wazi, mpana wa kupitisha lori, lakini ndio aliokuwa akiingilia Maman Yolande, na Nday hakusubiri. Alipandisha mguu, suruali ikanasa kwenye komeo, ikachanika, naye akaangukia nje kwenye nyasi kama gunia la viazi.

Amira aliacha kuandika. Alikuwa mzaliwa wa Bujumbura aliyekulia hapa Brussels, na leo alitumwa na mfuko wa mafundi wadogo kukagua kama watu hawa wanastahili kupewa ukumbi.

"Anaumwa?"

"Non, eko muzima," alisema Kelly, mwanadada mwenye penseli ya seremala sikioni, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maneno kati ya mafundi hawa wawili. "Ni vile maman ameingia."

Ukumbi ulikuwa mtupu, dari iko juu kabisa. Ndiyo sababu waliuomba. Kwa miaka sita Maman Yolande na Nday walikuwa wakichonga rafadha, yale mapanga ya mbao yanayozunguka puani mwa ndege kongwe. Walichongea chini ya jengo la ghorofa hapa mtaani Evere, katika chumba kifupi ambamo rafadha ndefu haikuweza kusimama wima. Na hata hicho, mwenye nyumba alitaka wakihame Ijumaa. Wakiukosa ukumbi huu, karakana imekufa.

"Haya," alisema Amira. "Nionyesheni kazi."

Sakafuni ililala rafadha ya zamani, imepasuka katikati. Ilichongwa miaka mia moja iliyopita na fundi mmoja mdogo ambaye hakuacha mchoro wala mwanafunzi. Juu yake, kwenye mhimili mwembamba wa chuma, ilipachikwa rafadha mpya, pacha wake: mbao saba za mti wa jozi zilizogundishwa pamoja, ziking'aa kama asali. Ikitulia sawasawa, bila upande mmoja kushuka, imefaulu. Ikishuka, itaitikisa ndege mpaka injini ing'oke.

Ilishuka.

"Kelly!" Sauti ya Nday ilitoka nje; alikuwa amelipa dirisha mgongo. "Umuambie ule mwenye brosi, upande wa kushoto iko mwepesi!"

"Umuambie ule wa inje," Maman Yolande aliuambia ukuta, "mi niko na macho!"

Kati yao zilikuwa hatua nne tu.

"Anasema eko na macho," Kelly alipeleka dirishani.

"Nimesikia."

"Amesikia, maman."

Maman Yolande alichovya brosi kwenye vanishi, akaipitisha kwenye ncha ya kushoto, mara moja, kidogo sana, kama anayempaka mtoto mafuta. Wakangoja ikauke. Amira alimvuta Kelly pembeni.

"Tangu lini hawasemeshani?"

"Six ans."

"Miaka sita! Na chakula?"

"Maman anakulia ndani, yeye anakulia kwa ngazi. Hata mvua inyeshe. Na kiti yake, maman hawezi kuikalia, hata umulipe."

"Mon Dieu. Waligombania nini?"

Kelly alifungua kinywa, lakini Maman Yolande aliinua kidole. Pumzi zizuiwe! Hata pumzi ya mtu yaweza kuisukuma rafadha. Wote walifunga midomo. Rafadha ilitetemeka, ikapanda, ikashuka, ikasita. Ikatulia. Sawa kama maji ndani ya beseni.

Maman Yolande alipiga vigelegele hadi njiwa wakaruka kutoka kwenye paa. Nje, Nday alirusha kofia na kuanza kucheza ndani ya suruali yake iliyochanika. Maman naye alicheza. Walicheza kwa furaha ya kichaa, mmoja ndani na mwingine nje, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Bravo," alisema Amira, naye akijizuia kutikisa mabega. "Lakini écoutez, sikilizeni. Ukumbi ni mmoja, na humu mtakuwa na misumeno na visu. Siwezi kuwaandikia watu wanaochukiana. Mushikane mikono mbele yangu, halafu tunywe chai meza moja. La sivyo, mmoja wenu aondoke."

Ngoma ilikatika. Nday alizama chini ya dirisha, vikabaki vidole vinane kwenye kizingiti. Maman Yolande alivuta kitenge akajifunika kichwa.

"Mikono?" aliuliza.

"Mikono, maman."

"Kelly, huyu mutoto ananitukana juu ya nini?"

Alifungua aproni yake polepole, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Bon. Mi natoka. Abakie yeye. Brussels muzima hakuna muntu mwenye kugundisha mbao kama yeye."

"Non, non, non!" Vidole vilirukaruka. "Kelly, umuambie abakie! Mi sikufundishwa na muntu. Nilijifunza kwa kuangalia tu kazi anaacha juu ya meza!"

"Umuambie mi nimezeeka!"

"Umuambie mi nitapata kazi ya kuendesha bus!"

Amira aliwatazama wakigombea kuondoka, kalamu ikining'inia hewani.

"Kelly, mimi sielewi tena. Wewe unawajua. Chagua: nani abakie?"

"Mi nichague?" Kelly alicheka hadi penseli ikamdondoka. "Madame, huyu wa ndani ni mama yangu mwenye kunizala. Na ule wa dirishani ni bwana yangu wa ndoa. Kwetu mukwe na mama-mukwe hawaangaliane; ni heshima."

Amira alihisi masikio yakiwaka moto. Akainamia karatasi na kuwatilia saini wote wawili, bila kuthubutu kumtazama yeyote usoni.