Vijiti Arobaini na Vitatu

Bi Sema alikata kijiti cha ishirini na tisa, akapiga mwayo mpaka taya likalia. Vilibaki kumi na vinne, na kahawa ilikuwa imekwisha.

Vijiti hivyo alivichora asubuhi nyuma ya bahasha, kimoja kwa kila onyo. Kompaila, ile programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine, ilikuwa imelalamika mara arobaini na tatu: hapa si salama, pale si salama. Karibu yote yalikuwa makelele ya bure. Jamani, kompaila haina dogo!

Lakini msimbo huu ulikuwa wa mashine ya dripu, ile inayopima dawa tone kwa tone mpaka kwenye mshipa wa mgonjwa. Kwa hiyo kila onyo lazima lisomwe. Likiwa la uongo, juu ya mstari wake unaandika NYAMAZA, na chini yake unaandika SEMA. Ukisahau SEMA, kompaila inafunga mdomo kuanzia hapo mpaka mwisho wa faili, hata nyumba iungue. Bi Sema ndiye aliyewachosha wenzake kwa kuwauliza kila siku, "Umeandika SEMA?" hadi wakambandika jina hilo.

Bosi alichungulia mlangoni. "Bi Sema, saa kumi na moja hospitali wanapakia toleo jipya. Yamebaki mangapi?"

"Kumi na manne."

"Si ya uongo yote? Nyamazisha tu twende nyumbani."

"Kesho mama yangu anafungwa hiyo mashine," alisema bila kugeuka.

Bosi akaondoka, akarudi na kahawa.

Bi Sema akaendelea. La thelathini, uongo. La thelathini na tano, uongo. Macho yalimwasha, mgongo ulimuuma, na alichoka kuchoka kwenyewe kwa kuhangaishwa na hatari zisizokuwepo. Lakini hakuruka hata moja.

Alikuwa kwenye la arobaini na mbili, ndiyo kwanza ameandika NYAMAZA, simu ikalia. Mama.

"Mwanangu, umekula?"

"Mama, mgonjwa ni wewe au mimi?"

"Mimi nina manesi watatu. Wewe una nani?" Mama akacheka, kisha sauti ikashuka. "Hiyo mashine, nasikia mmeitengeneza nyinyi. Naiogopa."

"Usiogope, mama. Naikagua mwenyewe, mstari kwa mstari."

"Basi kama ni wewe, nitalala."

Alikata simu, akajifuta machozi kwa kiganja, akakata kijiti, akaendesha kompaila. Maonyo: sifuri.

Sifuri? Alitazama tena bahasha: kijiti kimoja kilikuwa bado. Ah, maonyo mengine huwa mapacha, ukimaliza moja mwenzake anajifia. Alishusha pumzi ndefu, akaituma kazi, akaenda nyumbani kulala usingizi wa pono.

Kesho yake alasiri aliketi kando ya kitanda cha mama. Mashine ilikuwa kazini tangu asubuhi, taa ya kijani inawaka, mama ametulia. Lakini mtu aliyekuwa fundi cherehani miaka arobaini hawezi kukaa bila kuhesabu kitu. Mama aliichomoa ile bahasha kwenye mkoba wa binti yake, akavaa miwani.

"Ndiyo hesabu yenu hii, na kompyuta zote hizo?" Kidole chake kilitembea juu ya vijiti, kimoja kimoja, kikafika mwisho, kikasimama. "Na hiki, mbona hukukikata?"

Bi Sema alicheka, akafungua mdomo amweleze habari ya mapacha. Hapo ndipo alipokumbuka alikuwa ameandika nini simu ilipolia, na nini hakuandika ilipokatika.

Juu ya kichwa cha mama, mashine ilidondosha tone jingine.