Mkono Ndani ya Pipa

Mama alimwacha Baba hospitali na mkono wake usiotulia, akakimbilia shambani. Alimkuta binti yao ameinamia pipa la dawa ya wadudu, mkono umezama hadi kiwiko, akivunja mabonge.

"Toa mkono!"

"Nani atayavunja? Baba hakutumia mti wa kukorogea hata siku moja."

Mama alihema. Maneno ya daktari yalimjaa kinywani, asijue aanzie wapi.

"Kitendawili!"

"Tega," binti akacheka. Mama na vitendawili vyake!

"Kinacheza, ngoma hakuna."

"Mkono wa Baba!"

"Haya. Daktari anadhani ni nani aliyeufundisha kucheza?"

Kicheko kilikatika. Binti alitazama kiwiko chake, na dawa ndani ya pipa ikaanza kutikisika.