Nungunungu na Flashi ya Kuku

Palikuwa na Nungunungu aliyemshuku kila mnyama na kila kifaa, ila kompyuta yake tu.

"Mfumo wangu ni wa nadra, virusi haviujui," alimwambia jirani yake Kuku. "Wako umejaa kila nyumba, wezi wameshausomea. Flashi yako usinisogezee!"

"Haya, jirani. Wangu nausasisha, na kila kitu nakipima kwanza."

Mchana huohuo ujumbe ukatokea kwenye kioo cha kompyuta ya Nungunungu: "Una virusi! Andika nywila tukusafishie." Nungunungu alivyoviogopa virusi, akaiandika mbiombio. Picha zote za wanawe zikafungwa, hazifunguki tena.

Kuku akasikia kilio, akaja mbio. "Usilie. Picha ulizonitumia zamani zimo humu kwenye flashi."

Nungunungu akaikodolea macho. "Umeipima?"

"Nimeipima, jirani. Wewe ndiye sijakupima."