Bastola ya Manju Maige

Bastola ilisema ka, ikanyamaza. Maige akaigeuza, akaichungulia kama mtu anayetafuta chawa, kisha akaielekeza tena juu ya mabua ya pamba. Ka. Kuku aliyekuwa akiparua karibu na miguu yake hata kichwa hakuinua.

"Baba Martina," mkewe Lusia akasema kutoka jikoni, "umenunua kitasa."

Haikuwa bastola ya kuua mtu. Ni ile ya kuanzishia mbio za miguu. Haina risasi, inatiwa fataki za baruti na kutoa mlio tu. Maige aliiona Katoro, alikokwenda kununua fulana mpya za wachezaji wake wa ngoma. Ilikuwa juu ya meza ya Masudi, muuza vitu vilivyotumika, katikati ya tochi za wachimbaji na viatu vya mpira, imepakwa mafuta inang'aa. Fulana akazisahau palepale.

Maana shida yake ilikuwa hii. Huku Usukumani, pamba ikishavunwa, makundi mawili ya ngoma hushindana katika uwanja mmoja, saa ileile, kila moja na upande wake. Hakuna anayepewa alama kwa kuruka wala kwa kuimba. Wazee wakipuliza filimbi ya mwisho, upande uliozungukwa na watu wengi zaidi ndio umeshinda. Na watu, miaka ya karibuni, walikuwa wanakwenda kwa manju mwenzake, Bujiku, kiongozi wa kundi pinzani, kwa sababu Bujiku hucheza na chatu shingoni. Sasa wachezaji wa Maige walikuwa wamemjia kwa heshima, macho chini, wakamwambia kwamba wakishindwa na mwaka huu watahamia kwa Bujiku. Boaz, mpiga ngoma wake mkubwa, alikuwa ameshaulizia kule wanavaa rangi gani.

Pale Katoro Maige alijiambia kwamba mlio ukipasuka katikati ya wimbo, hakuna atakayekumbuka chatu. Akalipa bila kupatana bei.

Lakini basi halijafika hata Kahama, moyo ukaanza kumsumbua. Alikumbuka kwamba alimwomba Masudi aipige mara moja tu, ajue kama inalia, na Masudi akakataa.

"Hapa sokoni haipigwi, mzee wangu," alimwambia. "Nikipiga nitabaki na nani?" Akaifunga haraka kwenye gazeti.

Ndani ya basi maneno yale yakaanza kunuka utapeli. Mtu mwenye mali nzima, Maige akawaza, anaogopa nini kuijaribu?

Na nyumbani kwake Didia ikawa hiyo ka, ka, nyuma ya zizi. Akampigia Masudi simu. Masudi akacheka, akasema fataki zimeingia unyevu tu, azianike, na springi aitie mafuta. Maige akaitia mafuta ya baiskeli. Fataki akazitandaza kwenye ungo, juu ya bati, kando ya michembe ya Lusia, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, naye Lusia akamtahadharisha kwamba mtu akitafuna moja akidhani ni kiazi, yeye hayumo. Zilipokauka akajaribu tena. Moja ikatoa moshi mwembamba bila sauti. Nyingine haikutoa hata moshi. Ikabaki ya mwisho, na hiyo akaitia mfuko wa shati, karibu na ngozi, ipate joto, akaapa haijaribiwi tena mpaka uwanjani.

Shindano lilikuwa Mhunze, na watu walikuja kutoka Kishapu nzima, kina mama kwa kanga mpya, wachungaji na fimbo zao. Filimbi ikalia, ngoma zikaanza pande zote mbili. Bujiku akatokea na chatu wake kama kawaida, mnene, amelala shingoni utadhani shuka.

Basi kumbe mwaka ule watu walikuwa wamemchoka chatu. Maige alikuwa ametunga wimbo mpya wa mwanamume aliyeuza pamba yote akanunua bodaboda, akaogopa kuipanda, akawa anaisukuma kwa mguu kila siku kwenda nayo gulioni. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walio upande wa Bujiku wakaanza kugeuza shingo, wakaja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Kina mama wakapiga vigelegele. Boaz, jasho likimtiririka, akamtolea Maige tabasamu ambalo hajalitoa siku nyingi: tumeshawapata.

Lusia alikuwa mstari wa mbele. Alimwona mumewe anapeleka mkono kwenye mkoba wa ngozi, akasogea mpaka karibu.

"Iache humohumo," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tumeshinda, Baba Martina. Ikisema ka mbele ya watu wote hawa, utaificha wapi sura?"

Maige alijua mkewe amesema kweli. Wazee walikuwa wameshashika filimbi mkononi. Lakini alikuwa amelala na swali lile tangu Katoro, na mtu hawezi kuzeeka bila kujua kama alitapeliwa. Akatia ile fataki ya mwisho, akanyoosha mkono juu, akafumba macho, akavuta.

Ikalia. Ililia vizuri kuliko alivyoota, mlio mmoja mnene uliogonga mabati ya mji mzima ukarudi, na moshi mweupe ukampanda mpaka kwenye manyoya ya kichwani. Maige akacheka peke yake kwa furaha. Masudi wa watu hakuwa tapeli. Akafungua mikono yake miwili, macho bado ameyafumba, awapokee watu wake.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, upande wake zilikuwa zimebaki ndala tupu, na umati wote, Boaz na ngoma yake kichwani, Lusia akiwa ametangulia, ulikuwa umebanana nyuma ya Bujiku.