Hapa Anaingia Fundi Tu

Mzee alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akaliona begi la vifaa, ndipo akaondoa komeo.

"Fundi! Afadhali umekuja. Imegoma tena."

Kompyuta ilikuwa mezani sebuleni, kuukuu ya kuonewa huruma. Kioo cheusi, na maneno machache meupe yakisema kwamba usasishaji wa mfumo umeshindikana. Mzee hakuelewa hata moja. Alichojua ni kwamba picha za marehemu mkewe zimo humo na hazipo kwingine kokote, na asipozitazama siku mbili tatu, sura ya mkewe humtoka kichwani.

"Zimepotea?" aliuliza.

"Hazijaguswa, mzee. Kaa kitako."

Fundi alichomeka flashi, akawasha upya, akaiamuru mashine iachane na mfumo mpya irudi kwenye ule wa zamani. Kazi hiyo aliijua kama njia ya chooni kwake. Hakuwa na haraka, wala hamu. Siku hizi moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, hausikii furaha wala uchungu.

Mzee naye hakufunga mdomo.

"Mimi simfungulii mtu ovyo. Matapeli wamejaa! Juzi kaja mwanamke na kapu la chakula, analia pale mlangoni, ati nimfungulie. Nikamwambia, kwenda zako huko!"

"Umefanya vyema," fundi alisema, macho kwenye kioo.

"Eh! Hapa anaingia fundi tu."

Mashine ikakoroma, ikazima, ikawaka. Picha zikajitokeza. Mzee akapiga makofi, akavuta kiti mpaka mabega yao yakagusana.

"Mke wangu huyo! Na huyu mwenye pengo ni binti yetu. Mtundu huyo, acha tu! Akitoka shule nitamwambia mashine imepona."

"Mwambie."

Walizitazama zote, moja baada ya nyingine, mzee akicheka, fundi akiitikia. Hatimaye mzee akainuka.

"Ngoja nikuletee maji ya kunywa. Sasa haitagoma tena, au sio?"

"Haitagoma."

Mzee akienda kutafuta glasi hukawia. Nyayo zake zilipofika jikoni, binti yake akalisogeza kando begi la ufundi, akaanzisha usasishaji upya, akangoja ufike katikati, akachomoa waya ukutani, apate kufunguliwa mlango tena.